Machozi ya Ukurasa wa Mwisho

Siglufjörður,
24 Novemba

Dada yangu mpenzi Dagný,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zinakukuta mzima huko Reykjavík, goti limepoa na yule paka wako bado anakutawala. Sisi huku hatujambo. Egill anakohoa, kama kawaida yake kila theluji ya kwanza inapoanguka, na kama kawaida yake hataki kuvaa kofia. Mume niliyepewa ndiye huyo. Jua limeshatuaga, limeingia nyuma ya mlima na hatutaliona tena mpaka mwisho wa Januari. Nyumba ya mama imepakwa rangi upya upande wa bahari. Upande wa pili hela ziliisha, kwa hiyo ukija uitazame kutokea chini.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu, mimi ambaye hata kadi za Krismasi namwachia Egill aandike. Sababu ni kwamba simu imenizoesha vibaya. Ulimi hauna mfupa, na wangu ukishika simu hukimbia mbele yangu. Jambo ninalotaka kukuambia leo nimejaribu mara mbili kukupigia, na mara zote mbili nimeishia kukueleza bei ya siagi.

Mkutubi ametutangazia kwamba umekubali kuja hapa tarehe kumi Desemba kutusomea kitabu chako kipya. Mji mzima umefurahi. Kisha akaniambia pembeni, kwa sauti ya chini kama anayetoa pole, kwamba umeomba uwekewe chumba hotelini. Hotelini, Dagný, wakati kitanda chako kiko palepale chini ya dirisha! Nilimchekea mkutubi nikasema bila shaka dada anahitaji utulivu wa kazi. Nilipofika nyumbani nilibamiza milango yote, nikamwambia Egill kwamba umevimba kichwa, kwamba sasa wewe ni mtu mkubwa na sisi walaji wa samaki si kitu kwako. Maneno hayo nimekuwa nikiyasema miaka sita, tangu ulipoacha kuja Krismasi. Nakuomba radhi kwa kila moja.

Sasa nikuhadithie ya dimbwini. Wale mashabiki wako bado tunakutana kila Jumamosi asubuhi kwenye dimbwi la maji ya moto pale kwenye bwawa la kuogelea, theluji ikituangukia vichwani na miili ikichemka chini. Torfi, yule fundi mitambo wa meli aliyestaafu, ndiye anayejipa uenyekiti. Unnar mwalimu huja na miwani iliyojaa ukungu. Bergljót wa duka la dawa huja na maneno makali. Na mimi ndiye, nani asiyejua, dada wa mwandishi. Mtu akikosea jina la mhusika wako, mimi ndiye ninayemsahihisha. Nimejenga ufalme mdogo mle majini, nikaukalia.

Jumamosi iliyopita Torfi alisema kwamba kwa kuwa mwenyewe anakuja, heri tusafishe dhamiri kabla hatujaumbuka mbele za watu. Kila mmoja ataje kitabu chako ambacho hajakisoma. “Humu sote tumeshavua nguo, jamani,” alisema, “mnaficha nini tena?” Tukacheka, na Unnar akajitolea wa kwanza. Aliungama kwamba mashairi yako ya mwanzo hajawahi kuyasoma hata ukurasa mmoja, ingawa amekuwa akiyafundisha shuleni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Huwaachia watoto wamweleze yana maana gani, kisha huwapa maksi kulingana na walivyosimama. Torfi alipiga maji kwa kiganja. “Mwalimu mzima! Hiyo aibu, ndugu yangu, hata maji haya hayaitoi.”

Torfi mwenyewe alikiri kwamba kile kitabu chako kinene alikiachia pale meli inapozama, kwa sababu injini haifi namna ile, na tangu siku hiyo anaweka birika la kahawa juu yake. Bergljót akasema kile cha mapenzi ya Kopenhagen alikifunga ukurasa wa kwanza tu, alipokutana na muuza dawa anayenuka mdomo. “Mniambie ukweli,” alisema, “ni mimi yule?” Sote tukageuza macho juu kwenye theluji, kisha tukacheka mpaka mlinzi wa bwawa akatupulizia filimbi kama watoto.

Ikafika zamu yangu. Nikawaambia, bila kupepesa macho, kwamba mimi nimesoma vyote, tena mara mbilimbili, na kwamba ingekuwa ajabu dada mtu asisome. Nilitegemea Torfi anitanie. Hakunitania. Walitazamana wote watatu. Ndipo Bergljót akaniambia, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba kuna jambo wamekuwa wakitaka kuniuliza miaka yote na hawakuthubutu. Alitaka kujua kama kukataa kwangu kulikuwa kwa moja kwa moja. “Siku ile ya picha ulipokuja umelivaa lile sweta, shoga, sisi tulijua jibu lako ni hilo. Tukasema ni haki yako. Wewe ndiye uliyemuuguza mama. Lakini Dagný naye ni binadamu.”

Sikujua anazungumzia nini. Nikasema mambo ya familia ni ya familia, nikatoka, nikavaa juu ya mwili ulioloa na kwenda nyumbani soksi zikiwa mfukoni.

Dada, sasa naandika lile lililonitoa jasho. *Nyumba Kivulini* sikukisoma. Uliponitumia kutoka kwa wachapishaji, Krismasi ile ya kwanza baada ya mazishi, watu walisema kinahusu mama anayekufa na mabinti wake wawili, na mimi niliogopa. Niliogopa kujikuta mle ndani, mdogo mtu asiye na jambo, anayebadilisha mashuka. Na nilikuwa na hasira. Hukuja kumzika mama. Ulituambia dhoruba imezuia ndege, na mimi nilikuitikia, lakini moyoni sikukuamini, na sikutaka kulisoma hilo likiwa limepambwa kwa maneno mazuri. Nikakiweka rafuni. Jumamosi hiyo nilipokishusha, Dagný, kilikuwa bado ndani ya plastiki yake.

Ulipopiga simu mwezi wa Januari kuniuliza kama nimekisoma, niliona aibu kukuambia. Nilikuwa nimesoma gazetini kwamba ukurasa wa mwisho unatoa machozi. Basi nikakuambia ukurasa wa mwisho umenitoa machozi. Ukaniuliza, “Basi? Huna neno jingine, mdogo wangu?” Nami nikakujibu, “Neno gani tena, dada? Hongera.”

Sasa nimeufikia ukurasa huo. Nimeusoma nimesimama jikoni, koti sijavua. Nimeona unavyosema kwamba dhoruba haikuwapo, kwamba ndege iliruka, na wewe ulibaki Kopenhagen kupokea tuzo kwa sababu uliogopa kuuona mkono wa mama umelala. Nimeona dada mkubwa anavyomwomba mdogo wake, si kwa mafumbo, kwamba akiweza kumsamehe amtumie lile sweta mama aliloliacha kwenye sindano za kufumia, bila kulimaliza, ili alimalize yeye. Na akinyamaza, dada mkubwa atajua kwamba hilo ndilo jibu, na hatauliza tena.

Nami nilifanya nini? Nililimaliza. Majira yale yale ya baridi, nikiwa na uchungu wangu na kitabu chako kimelala mita mbili kutoka nilipokaa, nilimalizia mkono wa kushoto, nikaunganisha, nikatia nakshi za mabegani na shingo. Nikalivaa siku gazeti la mji lilipokuja kutupiga picha sisi mashabiki na vitabu vyako. Na picha hiyo nikakukatia na kukutumia, nikaandika nyuma: “Umeona nilivyopendeza?” Kila nikikumbuka maneno hayo natamani kuingia chini ya sakafu. Kama picha bado unayo, itazame. Kitabu nilichoshika mkono wa kulia kinang'aa kuliko vingine. Ni plastiki ile.

Wewe ulinidanganya kwa dhoruba, mimi nikakudanganya kwa machozi. Lakini wewe ulirudi ukaungama mbele ya nchi nzima, na nchi nzima ikakusikia isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa ndiye anayejisifu kwa jina lako kila Jumamosi. Nimeona haya, dada. Nimeona haya mbele ya Egill, ambaye nilipomweleza alisema tu kwamba yeye alikisoma zamani, akadhani nimeamua. Nimeona haya zaidi mbele ya wale watatu, walioniheshimu kwa moyo mgumu ambao sikuwa nao.

Sitakudanganya mara ya pili kwa kusema hasira yote imekwisha. Siku nyingine itanipanda, na nitakuambia usoni, na wewe utanivumilia. Lakini ulichoniomba, ningekupa siku ile ile. Ningekupa hata bila kuombwa vizuri namna hiyo. Nami pia nakuomba msamaha, kwa lugha ya kawaida, kwa kuwa sijui nyingine.

Jumatatu niliwaambia wale wa dimbwini. Niliwaita makusudi, siku isiyo yao, nikaungama kwa zamu yangu niliyoiruka. Unnar alifuta miwani. Bergljót alilia, kisha akanitukana. Torfi akasema kwamba kwa hiyo yeye na injini yake si mkosaji mkubwa tena, na kwamba nikaandike barua badala ya kuloweka makalio. Ndiyo nimeandika.

Egill anakusalimu sana, na anasema ukija usiogope, mwaka huu yule samaki aina ya taa aliyechacha, mwenye harufu kali, tutampikia nje. Torfi, Unnar na Bergljót wote wanakusalimu. Bergljót anataka jibu lake kuhusu mdomo. Hoteli ni uamuzi wako, sitakubamizia mlango. Kitanda nimekitandika hata hivyo.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Nilianza kufumua shingoni, nikashuka mabegani, kisha mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko, pale mama alipoachia. Utapaona mwenyewe, vitanzi vyake vimekaza kuliko vyangu. Nimevirudisha kwenye sindano zake zile zile, na uzi nimeuosha na kuuzungusha madonge. Ukifungua, fungua taratibu, usivute. Viko wazi, na vikichomoka sina namna ya kuvirudisha.

Mdogo wako,

Svava