Ndama Wetu na Neno la Mnadani

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimerudi kutoka Omaha, nilikomuuguza dada mwezi na nusu. Emil kanipikia mayai. Emil! Mume wangu, asiyejua hata chumvi inakaa wapi. Kuna jambo.

Ndama ni wanene. Tumewachanja, tumewahasi, na kabla sijaondoka tuliwatenga na mama zao wazoee hori. Wanunuzi hulipia hayo. Ndama anayeachishwa kunyonya akapakiwa lori siku hiyohiyo huugua, na bei yake huporomoka. Sisi tunauza mara moja kwa mwaka, Alhamisi hii. Na mwenye malisho tunayokodi keshasema hangoji tena kodi yake.

Ng'ombe mmoja sauti imemkauka kwa kumlilia ndama wake. Ajabu, baada ya muda wote huu!

Jumanne, 15 Oktoba

Emil hali, hakai. Nikiuliza, eti upepo. Upepo gani!

Jumatano, 16 Oktoba

Kasema. Kanipa mgongo, anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Ulipoondoka tu, Verna, ng'ombe wakaanza kulia. Mchana kutwa, usiku kucha. Nikafungua lango."

"Ukawaacha wanyonye?"

"Nimewatenga tena juzijuzi tu."

Nimecheka, kisha nimemrushia kitambaa. Mwenyewe ndiye hunicheka kila mwaka kwamba nina roho laini! Na tangazo la mnada limeshatoka kwa jina letu: ndama wa Hruska, wameachishwa kunyonya siku arobaini na tano. Mimi mwenyewe nilimwambia dalali, kwa simu. Emil anataka tuseme ukweli. Kucera, mnunuzi wetu wa kila mwaka, atawachanganya na wake, anasema, wakiugua watawaambukiza wote.

"Na malisho tutayalipia kwa mayai yako?"

Akakiosha kikombe tena. Nina hasira naye. Nina hofu zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mnadani. Naandika gotini. Hapa mwenye ndama huulizwa neno mbele ya watu kabla bei haijaanza. Nimemwambia Emil akae kimya, nitasema mimi. Maneno nimeshayapanga.

Kucera kapita na kahawa yake. "Mama Hruska, kwako hata siulizi. Nikisikia jina nainua mkono tu."

Nikatabasamu. Nilitabasamu!

Ndama wa jirani wanatoka. Wetu wanaingia — weusi tii, wamelingana, watu wananyoosha shingo. Dalali anasoma lile tangazo. Siku arobaini na tano, kazitamka kwa sauti. Kucera kaegemea mbele. Mimi bado sijaulizwa neno.

Emil amevua kofia. Anasimama aseme yeye —