Karatasi ya Mazishi ya Obiero

Kianda, Kibera,
Nairobi.
10 Machi 1998

Mpendwa mjukuu wangu Walubengo,

Pokea salamu za kukhu yako. Huko Mombasa mko wazima? Mtoto alipona kifua? Mimi magoti yananisumbua, lakini maji nateka mwenyewe, sijaomba mtu.

Ile kompyuta ulimtumia dada yako Nekoye ilimsaidia, sitakudanganya. Kazi ya taipureta ya siku nzima alikuwa anaimaliza kabla sijasonga ugali. Walimtafuta hata kutoka Kawangware, hasa watu wa karatasi za mazishi, zile husomwa kando ya kaburi. Ulimfundisha kuweka moja ndani ya mashine, halafu abadilishe majina tu. Ukajiona mwerevu sana.

Mwezi uliopita alikufa Obiero, yule fundi wa viatu wa Mashimoni. Gari la kupeleka maiti linanguruma, ndugu zake wanagonga meza dukani kwa Nekoye. Nekoye akachukua karatasi ya mtu ambaye mama yake alikufa zamani, akabadilisha majina yote, akaacha neno moja. Basi ikatoka kwamba Obiero ni mwana wa marehemu Dorsila.

Ilisomwa hivyo kwao Siaya, Dorsila ameketi hapo mbele. Wanasema hakulia. Aliuliza tu, "Na kaburi langu mmelichimba wapi?"

Tangu hapo hakuna anayeleta kazi. Wanasema kwa Nekoye walio hai wanaandikwa pamoja na wafu. Anashinda akipangusa mashine ambayo haijawashwa, chakula hali, na juzi alisema heri aiuze. Nilimgombeza. Mashine haijui mama wa mtu.

Lakini wacha niseme yote. Wakati wa taipureta kila karatasi alinisomea kwa sauti, maana kusoma kwangu ni kwa shida lakini masikio yangu ni mazima. Siku hiyo pia alianza kusoma. Ni mimi nilimkatiza. Nilisema, "Peana, watu wanangoja. Kompyuta haikosei." Nekoye hajanitaja kwa mtu yeyote.

Jumamosi tarehe 21 naenda Siaya kumwambia Dorsila ni mimi. Nekoye abaki, afungue duka. Nyumba ya matanga haiendewi kwa neno kama hilo bila mwanaume wa kwetu, kwa hivyo utakuja. Usiniletee hadithi za kazi. Usipokuja nitaenda hivyo hivyo, na akinifukuza, anifukuze nikiwa peke yangu.

Nisalimie mkeo Valary na mtoto. Mjomba wako Wepukhulu anawasalimu. Mungu awafunike nyote.

Ni mimi kukhu yako, ninayekupenda hata nikikugombeza,
Naliaka