Mkate kwa Bwana Geti

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi bekari. Wenzangu wananikwepa, utadhani msiba unaambukiza. Msimamizi kanipa pole, kisha kanipa trei za kupakua. Sawa tu. Nimekanda unga hadi jioni. Unga hauulizi kitu.

Binti yangu kapika. Tumekula. Sijui tulikula nini.

Jumatano, 5 Machi
Bwana Geti karudi kutoka hospitali. Betri ya gari ilimlipukia usoni — macho yote mawili yamefungwa bendeji. Mtaa mzima tunamwita Bwana Geti kwa sababu ya kufuli lake, kubwa kuliko geti lenyewe.

Ni yeye. Mchana ule mke wangu anatafuta pumzi, mimi nagonga getini kuomba gari, yeye anajibu kwa ndani: gari halina mafuta. Kesho yake asubuhi nilimwona akitoka nalo. Mke wangu tulishampoteza.

Mwenye duka kasema malipo ni hapa hapa duniani. Watu wakacheka. Mimi nilifuata sabuni tu.

Ijumaa, 7 Machi
Bekari wanatupa mikate miwili kila mmoja. Nyumbani sasa mmoja unabaki. Nikampelekea Bwana Geti.

Alipapasa geti weee! mpaka likafunguka.
“Nani?”
“Jirani.”
“Jirani yupi?”
“Wa bekari.”

Hakunyoosha mkono, nikamshikisha mkate. Ndani kunanuka. Nikaosha vyombo, nikafagia, nikachemsha chai. Sikusikia huruma. Hasira pia sikuisikia. Mikono tu ilifanya.

Jumapili, 9 Machi
Mchungaji kanisimamisha kanisani! Ati mkitaka kujua Mungu yukoje, mtazameni ndugu yetu huyu na jirani yake. Watu wakapiga makofi. Nikawaza hamira, kama nimeifunika.

Binti yangu alitoka katikati ya ibada. Nyumbani akanivaa.
“Baba, kwani umemsamehe?”
“Sijui.”
“Sasa mkate wa nini?”
“Ana njaa.”
Akabamiza mlango. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Nilikaa nikitazama ule mlango.

Jumanne, 11 Machi
Nilikuwa namkata kucha. Akasema ghafla, “Gari lilikuwa na mafuta.”
“Najua.”
“Tangu lini?”
“Tangu kesho yake.”
“Na bado unanikata kucha?”
“Zilikuwa ndefu.”

Akaanza kulia, mtu mzima, mabega yanaruka. Akasema aliogopa mgonjwa angemfia garini. Aliogopea viti! Muuguzi alikataza bendeji zisilowe, kwa hiyo nikamwambia anyamaze. Nikamalizia mkono wa kushoto.

Alhamisi, 13 Machi
Leo binti yangu kaufunga mkate mwenyewe kwa kitambaa safi. Kanitupia mezani, puu! Lakini kaufunga.

Kesho Bwana Geti anafunguliwa bendeji. Daktari hajamwahidi kitu. Chai haijamshuka. Kaniuliza kama huyo Mungu wangu yuko kama mimi.
Nikamwambia, “Usimtukane Mungu.”
Kacheka kidogo. Kisha: “Niombee, jirani. Kwa sauti, nisikie.”

Akainamisha kichwa papo hapo. Shingo nyembamba, kama ya mtoto anayesubiri kunyolewa. Nikamshika mkono. Nikasema, “Ee Mungu —” Basi. Sijaomba tangu mazishi. Hata chakula nakila hivi hivi. Nilitafuta neno linalofuata, kumbe ndani hakuna hata la kuanzia.

Nikamwambia ngoja nitazame maji niliyobandika.

Nipo jikoni kwake, naandika nimesimama. Maji yamechemka zamani. Namwona kupitia mlango — hajainua kichwa. Mkono wake bado uko pale pale juu ya meza, umefunguka.

Anaita. “Jirani? Bado upo?”

Nipo, nimemwambia. Nipo. Nazima jiko, nakuja —