Sabuni yangu ilikataa kushikana

Siku ya ine. Hapa Kashebere mvua inanyesha tangu asubuhi, matope mpaka kwa mulango. Sina muntu wa kuambia hii, njo maana naiandika. Mujukuu wangu aliniwekea hii blogi ndani ya simu mbele ya kurudia Goma, akasema watu watasoma. Na wewe unayesoma, kazi zako zimeisha?

Jana niliharibu sabuni.

Bidoni nzima ya mawese. Binti yangu Neema aliituma na pikipiki kutoka Walikale, na maneno yake juu: "Mama, ukishindwa kupika hii, usijitese tena. Ufunge nyumba, ukuje kukaa kwangu." Kukaa kwake! Niwekwe kwa kona kama kiti kilichovunjika muguu.

Mimi napika sabuni tangu Neema angali mugongoni. Lakini tulikuwa wawili. Mimi namwaga maji ya sude, ile dawa kali inayoshikisha sabuni, pole pole, nyembamba kama uzi, baba yake anakoroga bila kupumuzika. Aliimba vibaya, lakini alikoroga. Sasa iko mwaka wa pili tangu tumuzike, na jana nilijifanya niko na mikono ine. Huu unakoroga, huu unamwaga. Ndoo ikaniponyoka, sude yote ikaingia mara moja. Leo asubuhi mawese iko juu, maji makali iko chini, kama watu waliogombana.

Na niseme ukweli wote. Mama Bahati, jirani yangu anayeuza maziwa, alikuja jana, mikono imeoshwa. "Mama Neema, nikusaidie kukoroga?" Nikamujibu: "Wewe ujue maziwa yako. Sabuni si ngombe." Akarudi kwake.

Ulimi huu wangu.

Leo nilikaa mbele ya ile beseni mpaka baridi ikaingia ndani ya mifupa. Dawa yake naijua: unachota mawese ya juu, unaipasha moto, halafu unarudisha yale maji kidogo kidogo, muntu mwingine akikoroga. Muntu mwingine! Mimi nitamutoa wapi?

Nilijifunika bashi ya plastiki juu ya mvua, nikavuka barabara. Samahani sikuomba. Nilisema tu: "Mama Bahati, kuja ukoroge."

"Sabuni imekuwa ngombe?"

Akacheka sana, akakuja.

Nilimugombeza saa nzima. Koroga upande mumoja! Usilale! Akaniambia: "Mama, hata ngombe zangu hazijanikaripia hivi." Ikaanza kushikana, ikawa nzito kama uji wa mutama. Nikaweka kidogo kwa ulimi: haikuchoma. Tukaimwaga ndani ya kisanduku cha mbao, na mimi nilitaka kucheka, sijui kwa nini.

Pale pale simu ikalia. Neema.

"Mama, sabuni imekubali?"

"Imekubali."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna muntu. Mimi mwenyewe."

Mama Bahati alikuwa karibu yangu, anakwangua beseni. Hakuinua kichwa. Alimaliza kukwangua, akanawa mikono, akasema "Haya, Mama Neema," akaenda. Viazi nilivyomupikia hakugusa.

Basi, nyumba nimeilinda. Niko ndani yake, mimi na viazi vya watu wawili.

Nilizani Neema akisikia nimesaidiwa, kesho yake pikipiki iko hapa kunibeba. Lakini tangu ile saa, ile sauti yake inanisumbua. "Nani alikusaidia?" Aliuliza pole pole, kama muntu anayengoja jina. Na mimi, na hii kiburi, nikamupa "hakuna muntu." Mutoto alalaje, akijua mama yake hana muntu?

Asubuhi, mbele ya kukata sabuni, nitavuka barabara na simu mukononi. Nitamupigia Neema nikiwa mule mule kwa Mama Bahati, nitaje jina la Mama Bahati kwa nguvu, wote wawili wasikie.

Akitaka kunifungia mulango, jina lake nitalitaja pale inje.