Tundu la Nane

Zawadi, mke wangu mdogo,

Nyanya yako ni mzima, bado ananigombeza. Umeuliza kama ni lazima ulainishe kingo za kila tundu kwenye mabati ya hiyo ndege unayojiundia nyumbani, hata lisiloonekana.

Nikiwa kijana hapa Dandora, nilimtengenezea nyanya yako keria ya baiskeli. Matundu saba niliyapiga tupa. La nane nikaliacha, nina haraka ya kumbeba mrembo. Ufa ulianzia hapo hapo. Kufika Njiru, keria ikakatika, tukabwagwa.

"Fundi gani wewe? Unataka kuniua hata kabla ya kunioa?"

Sisi tulianguka kutoka kwenye baiskeli. Wewe je? Tangu nisome barua yako siketi, nazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sugua yote. Ukimaliza nipigie simu; hata nikiwa chooni nitapokea.

Babu yako mkorofi