Baridi Aliyoipata Mama Katika Gari la Mzee Makame

Kwa Mzee Makame Alawi,
Duka la Vitambaa,
Mbeya.
19 Agosti, 1956

Mpendwa dada Verediana,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, na shemeji Danieli hajambo? Watoto wanaendeleaje na joto la Tanga? Sisi huku tunaamka tukikuta umande umeganda mweupe kwenye majani, lakini tu wazima. Mke wangu Paskalina amejifungua mtoto wa kike. Amenenepa na ana sauti kubwa, basi tumempa jina lako.

Mama yuko hapa kwangu. Aliugua kichomi, akalazwa hospitali siku kumi na moja. Usiogope, amekwisha rudi nyumbani, anakunywa uji na anatembea mpaka mlangoni. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilitaka kwanza kumpata aliyetufanyia hivi. Nimempata.

Ni Kalinga. Ndiyo, Kalinga yule yule wa Kalenga, aliyekuwa akija kwetu jioni akiwa na njaa na Mama akampakulia kabla yetu. Siku hizi ni fundi mkuu wa gereji moja Iringa mjini.

Mwanzoni mwa Julai nilimpeleka Bi Mwantumu, mke wa tajiri wangu Mzee Makame, arusini Iringa. Gari letu ni kuukuu, Mzee alilinunua kwa mzungu mmoja wa Sao Hill aliyekuwa anarudi kwao. Lina hita, mashine inayochukua joto la maji ya injini na kulipuliza ndani, na ilikuwa nzuri mno. Breki zilikuwa zimelegea, nikaliacha kwa Kalinga siku mbili. Nilipokwenda kulichukua alinikumbatia, akaulizia habari za Mama. Nikamwambia ndiyo kwanza naenda kumchukua Kalenga, aje Mbeya kumwogesha mjukuu. Alijua, dada. Alijua Mama atapanda gari lile.

Tuliondoka alfajiri. Kufika Sao Hill ukungu ulikuwa mzito na manyunyu yanaanguka. Nikafungulia hita, ikatoa upepo wa vuguvugu kama pumzi ya mtu. Nikasimama. Nikatazama maji kwenye rejeta: yamejaa. Koki ya hita imefunguka yote. Nikashika mipira miwili inayoingia kwenye hita, yote ina joto sawasawa, maana yake haijaziba. Feni inazunguka. Lakini mshale wa joto la injini ulikuwa umelala chini, na tumetoka kupanda mlima! Nikapasua boksi la maandazi ya Bi Mwantumu, nikaliweka mbele ya rejeta kuzuia upepo. Ilisaidia kidogo tu. Bi Mwantumu alimfunika Mama kwa kanga zake zote tatu za arusi. Mpaka Chimala, Mama alikuwa hawezi kufunga vidole, na usiku ule ule kifua kikaanza.

Mzee Makame alimwandikia Kalinga kumwuliza. Akajibu kwamba mimi niliendesha gari bila maji nikaiunguza hita, na kwamba mtu kama mimi hafai kupewa usukani. Nikanyang'anywa ufunguo. Mama yuko wodini anahema kwa shida, na mimi nabeba marobota ya vitambaa mgongoni, madereva wenzangu wanapita wakinipigia honi. Kila robota nililotua, nilikuwa namtua Kalinga.

Aliyeniokoa ni Bi Mwantumu. Alimwambia mumewe mbele ya wateja, "Mimi nilikuwemo. Huyu alitia maji kila tuliposimama. Mwache afungue injini, uone mwenyewe."

Nikawasha gari. Mpira wa juu wa rejeta ulianza kupata uvuguvugu papo hapo. Haitakiwi iwe hivyo, dada. Injini ikiwa baridi, kuna kidude cha shaba kiitwacho themostati kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto; kisipokuwemo maji yanapoa huko, na hita haina joto la kupuliza. Nikazima, nikafungua bolti mbili za kifuniko chake. Ndani mlikuwa mtupu.

"Labda ulikitoa wewe," Mzee akasema.

"Labda," nikamjibu. "Lakini mwaka jana nilikitoa kukisafisha, nikakikwaruza herufi F kwa msumari. Kalinga ana gari la namna hii hii. Twende Iringa tukakitafute."

Tulifika Jumapili iliyopita, watu wanatoka misa. Nilitaka iwe saa ile. Kalinga alikuwa amevaa suti, gari lake amelisimamisha mbele ya kanisa, na ndani ameketi mama mkwe wake, tayari kurudishwa Njombe. Mzee Makame alimsalimu Kalinga vizuri, akamwomba afungue boneti. Kalinga akacheka. Alipoona spana mkononi mwangu aliacha kucheka.

"Filemoni, tusiharibiane mbele ya watu."

Nilifungua bolti polepole ili watu wazidi kujaa. Nikakitoa, nikakifuta kwa leso, nikampa Mzee Makame. Akakigeuza kwenye jua, akasoma kwa sauti, "Efu."

"Nilikiazima tu," Kalinga akasema. "Changu kilikwama, na vipya havipatikani. Ningekirudisha."

"Na ile barua yako nayo uliiazima?" Mzee akamwuliza. Watu wakaguna. Bwana mwenye gereji alikuwa amesimama pale pale na mkewe, akasikia yote.

Kisha Kalinga akanivuta pembeni. Akaniomba nimwachie themostati mpaka kesho, maana mama mkwe ni mzee na Njombe ni baridi kuliko Iringa. Dada, nilikuwa nimelingoja neno hilo mwezi mzima bila kulijua. Nikamwambia, "Weka boksi mbele ya rejeta." Nikatia themostati mfukoni, nikaondoka.

Ufunguo nimerudishiwa. Kalinga ameachishwa kazi Jumatatu. Ametuma katekista aje kuniombea msamaha, nami nikamrudisha hata maji sikumpa. Nasikia anatafuta kazi Mbalizi. Mafundi wote wa Mbalizi nawajua, na nimekwisha pita kwao mmoja mmoja. Usiniandikie kunisihi, dada. Wewe hukumsikia Mama akivuta pumzi.

Juzi nilimsimulia Mama yote, nikidhani atafurahi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na mtoto mapajani. Kisha akaniuliza, "Yule mama wa Njombe, alifika salama?"

Nikasema sijui, sikuuliza.

Tangu hapo ananijibu ninapomwamkia, basi. Sitasema najuta, kwa sababu sijuti. Lakini nyumba yangu ni ya vyumba viwili, na ukimya wake unavijaza vyote.

Nisalimie shemeji Danieli na watoto wote, na shangazi Sekela ukimwona. Paskalina anakusalimu sana. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na siku moja atukutanishe mezani kwa Mama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Filemoni