Mwiba Katika Papa wa Mjomba

Jumanne, 9 Agosti 1994

Sijawahi kumwambia mtu kwamba simwamini Mjomba. Anasema anafanya kazi Mombasa, na keshokutwa anaondoka na dada yangu Nafula, eti akamtafutie kazi huko.

Jioni alituletea samaki mkavu. "Kula papa, wewe wa vitabu. Bahari utaionea wapi hapa Kakamega?"

Mwiba ulinichoma ufizi. Kitabu cha maktaba kinasema papa hana hata mfupa mmoja, ana gegedu tu kama la sikio, na ngozi yake hukwaruza kama msasa. Huyu alikuwa na magamba ya mbuta wa ziwani.

Kama Mjomba hamjui papa, mwaka huu mzima anaosema yuko Mombasa amekuwa wapi? Na Nafula ameshakunja nguo zake.

Baadaye nilimfuata Mama jikoni, nikamwekea mwiba kiganjani, nikamweleza kwamba papa hana mwiba.